Waliojihesabu

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, mashariki mwa Kongo, katikati ya makazi, kwenye njia kuu inayotoka Bukavu kupita Kamanyola hadi Uvira. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakatoka na ndoo, madumu na sufuria kuchota. Wengine walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya video, maana ilikuwa siku ya robo fainali ya Kombe la Dunia na Ghana ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake kwa Afrika nzima. Moto ulipolipuka ulivikumba vibanda hivyo pamoja na nyumba za udongo na nyasi zilizosogeleana na barabara. Walikufa watu zaidi ya 230, wakiwemo watoto wengi. Kesho yake walizikwa katika makaburi ya pamoja, kwa kuwa wengi walikuwa wameungua hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua.

Kwa siku chache dunia ilizungumzia Sange, na ilichosema zaidi ni umaskini: watu waliohatarisha roho kwa ajili ya ndoo ya mafuta. Mimi naona maneno hayo yanawaonea marehemu. Waliokuwa kibandani wakitazama mpira hawakuchota kitu. Kilichowaua ni kwamba kibanda chao kilikuwa hatua chache kutoka mahali malori yanapopita, na kilikuwa hapo kwa sababu barabara ndiyo soko, ndiyo kazi, ndiyo mwanga wa usiku. Nyumba ikae umbali gani na njia, malori yasimame wapi, matuta yawekwe wapi ili dereva apunguze mwendo, mtaro upite upande gani: hayo yote ni mambo ya watu kukaa na kupatana na Leta, kama tunavyoiita serikali huku kwetu Kivu. Sura hii inahusu mapatano ya namna hiyo, na kitu kimoja ambacho nimeshawishika kuwa hutangulia kila patano lililosimama: wakazi kujihesabu wenyewe, kwa mkono wao, kabla hawajahesabiwa na mtu mwingine.

Kwanza tuone mkazi wa Kongo anakaa mezani akiwa na nini mkononi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Dola peke yake. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Kuhusu ardhi za kimila, zile ambazo babu alizipata kwa mwami au kwa mkuu wa kijiji, sheria hiyo iliahidi kwamba Rais angetoa amri ya kueleza haki zake. Miongo ikapita na amri haikutoka. Kwa hiyo miji yetu imejengwa ndani ya pengo hilo. Mtu ananunua kiwanja kwa mwenye mila, anapata karatasi yenye sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa shefu, anajenga. Karatasi hiyo majirani wote wanaiheshimu. Siku akitokea mwingine mwenye cheti cha kiwanja kilekile, ndipo anapojua uzito wa karatasi yake.

Ngazi anayopanda mkazi wa Bukavu akiwa na shida inajulikana na kila mtu: nyumba kumi, shefu wa avenyi, shefu wa kartie, burgumestre wa komini, halafu meya. Komini ni tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira. Pembeni ya ngazi hiyo zipo ofisi nyingine zenye nguvu kuliko zinavyoonekana: kadastre wanaopima viwanja, watu wa hati za ardhi, na huduma ya mipango miji na makazi. Mara nyingi shefu wa avenyi ni jirani tu, hana mshahara wa kutajika, naye mvua ikinyesha maji yanamwingilia kama yanavyowaingilia wengine. Ukimwendea asubuhi unamwambia, «Papa shefu, maji inatuingilia mu nyumba,» naye anajibu kwamba analijua hilo na atalifikisha juu. Atalifikisha kweli. Lakini kinachofika juu ni maneno, na maneno yakifika juu hukutana na maneno mengine: kwamba watu wale wamejenga kiholela, kwamba hawastahili kuwa pale. Hapo mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Mahali pa kuona hasara ya hali hiyo ni Funu, katika komini ya Kadutu. Kilima cha Funu kinatembea. Wanasayansi waliolinganisha picha za ndege na za satelaiti za miaka 70 hivi walionyesha kuwa kipande cha mji chenye ukubwa wa kilomita mraba moja na nusu kinateleza polepole kuelekea bondeni, kikiwa kimebeba makumi ya maelfu ya watu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2022. Kilichonishtua ndani yake ni sababu. Kilima kile kilikuwa kikisogea tangu zamani, lakini mwendo wake umebadilika kadiri mji ulivyokua juu yake. Mvua inayoanguka juu ya mabati hutiririka na kukusanyika mahali pamoja. Maji ya matumizi humwagwa nje. Bomba zikipasuka huvuja ardhini kwa muda mrefu. Maji yakiingia chini, udongo unalegea na kusogea. Udongo ukisogea, bomba zinapasuka tena. Ukipita Funu unaona ukuta uliofunguka ufa wa kupitisha mkono, ngazi za saruji zilizoachana na mlango, mlango uliokatwa chini kwa msumeno ili uendelee kufunga baada ya fremu kupinda.

Serikali imezoea kusema juu ya mahali kama hapo: watu wahame. Wahamie wapi, hakuna anayejibu. Lakini utafiti huohuo unatoa jambo la kuzungumza. Ikiwa maji ya mabati na bomba yanasukuma kilima, basi mifereji, matangi ya kuvunia mvua na bomba zisizovuja ni dawa, hata kama si dawa ya kumaliza ugonjwa. Hizo ni kazi zinazoweza kupangwa avenyi kwa avenyi. Ili zipangwe, lazima mtu ajue avenyi hii ina nyumba ngapi, mabati mangapi, mabomba mangapi ya Regideso, shirika la maji la serikali, na maji ya nani yanapita kwa nani. Hakuna ofisi inayojua hayo kuliko wanaoishi hapo.

Huko Nairobi kuna watu waliolifanya jambo hili la wakazi kujihesabu kuwa kazi ya maisha. Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996, wakati mabanda yalikuwa yakibomolewa na viwanja vya umma kugawiwa wakubwa. Mwanzoni silaha yao ilikuwa maandamano na mahakama. Baadaye waliongeza mbili: akiba ya kila siku na daftari la kuhesabu. Kambi Moto, kimoja cha vijiji vya mtaa wa Huruma, ni mahali ambapo mambo hayo mawili yalizaa nyumba za ghorofa.

Jina Kambi Moto linatokana na mioto iliyokuwa ikiunguza mabanda hayo mara kwa mara. Wakazi wa Essence na Nyamugo hapa Bukavu wataelewa bila maelezo, maana nyumba za mbao zilizobanana hivyo moto ukishika haumngojei mtu, na gari la zimamoto halina pa kupita. Ardhi ya Kambi Moto ilikuwa ya halmashauri ya jiji. Kila mtu aliambiwa ni mvamizi. Mwaka 2001 hivi wakazi, wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walianza kujihesabu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu watu wengi hudhani ni sensa ndogo tu. Kwanza kila banda linaandikwa namba mlangoni kwa rangi au chaki. Kisha wanapita vijana na akina mama wa kijiji chenyewe, wawili wawili, na karatasi ya maswali: nani analala humu, wangapi, tangu lini, anafanya kazi gani, analipa kodi au banda ni lake, anachota maji wapi, anakwenda choo wapi. Mwingine anapima kwa futi ya kamba. Jioni karatasi zinakusanywa, na hapo ndipo kazi ngumu inaanza. Majina yanasomwa mbele ya watu wote. Mtu aliyejiandikisha mabanda matatu anasikika akisomwa mara tatu, na jirani ananyanyua mkono. Mpangaji ambaye mwenye banda alimficha anasimama na kusema, «Mimi naishi humo miaka yote hii, mbona sijasomwa?» Wanagombana. Wanarudia kuhesabu. Orodha inapotoka hapo, hakuna wa kuipinga, kwa kuwa kila aliyekuwa na neno amelisema mbele ya waliomjua.

Nimeweka mkazo hapo kwa sababu naamini ule ugomvi ndio patano la kwanza, nalo ni gumu kuliko la ofisini. Kambi Moto ilikuwa na wenye mabanda na ilikuwa na wapangaji, na masilahi yao hayakufanana. Mwenye mabanda kumi alitaka ahesabiwe kumi. Mpangaji aliogopa kwamba maendeleo yakija yeye ndiye atakayefukuzwa. Walichokubaliana ni kitu ambacho sheria yoyote ya nchi isingethubutu: kila kaya nyumba moja, awe mwenye banda au mpangaji. Walipokwisha kupatana wao kwa wao, ndipo walipokwenda kwa halmashauri, na halmashauri haikupata ufa wa kuwagawanya. Mwaka 2003 ilitia sahihi makubaliano nao, ikakubali viwango vya ujenzi vilegezwe kwa ajili ya mahali hapo. Nyumba zikajengwa juu ya viwanja vya mita nne na nusu kwa nne na nusu hivi, zikipanda ghorofa moja baada ya nyingine kadiri fedha zilivyopatikana. Kabla ya hapo walikuwa wamesimamisha mfano wa nyumba kwa fito na vitambaa, kwa ukubwa wake halisi, ili mama aingie ndani, ageuke, aone kama jiko linatosha na ngazi itapita wapi.

Dar es Salaam inatupa njia nyingine, ya mahakama, pamoja na funzo chungu. Tabata ilikuwa na jalala la jiji. Moshi, nzi na harufu viliingia majumbani mchana na usiku. Wakazi waliandika barua, wakasubiri, wakaandika tena, na mwaka 1988 wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Walishinda: halmashauri ikaamriwa iache kutupa taka pale na itafute mahali pasipoathiri watu. Halmashauri ikaomba muda. Ikapewa. Ikaomba tena. Mwaka 1991, ilipokuja na ombi jingine, Jaji Lugakingira alilikataa, akasema kuwachafulia watu hewa kiasi cha kuhatarisha uhai wao kunavunja haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Ni moja ya hukumu za mwanzo kabisa katika Afrika ya Mashariki kuunganisha takataka na haki ya uhai, na iliwezekana kwa sababu watu wa mtaa mmoja hawakuchoka kufika mahakamani kwa miaka mitatu.

Umoja uliojengwa katika vita hiyo haukusambaratika. Ulizaa mfuko wa maendeleo wa Tabata, ambao wakazi waliutumia kushughulikia barabara zao na maji yao. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini taka za Dar es Salaam hazikuyeyuka siku ile ya hukumu. Jiji lilizihamishia Kunduchi Mtongani, na huko nako watu walikwenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Ukifuata safari hiyo unaona kwamba mtaa uliojipanga ulilinda hewa yake, na mzigo ukaendelea kutafuta mahali ambapo watu walikuwa na sauti ndogo zaidi. Siwalaumu watu wa Tabata hata kidogo. Walidai kilicho chao. Ila mtaa unaopatana na serikali peke yake unapaswa kuuliza kinachoondolewa kwake kinapelekwa kwa nani. Bukavu swali hilo lina sura ya maji: mfereji wa avenyi ya juu ukiishia ukingoni mwa mteremko, umewamalizia shida wa juu na kuwachimbia kaburi wa chini.

Ndiyo maana Mukuru inanivutia, kwa kuwa pale walijaribu kupanga eneo zima kwa pamoja. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ziko ndani ya eneo la viwanda la Nairobi, juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa yake iligawiwa watu binafsi na makampuni miongo iliyopita, na ambayo wengi wao hawakuijenga. Wakazi walikusanya ushahidi wa kodi, maji, umeme na vyoo, wakaonyesha kwamba mkazi wa mabanda hulipia lita ya maji na mwanga wa taa ghali kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri. Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya zilikuwa kama 100,000. Ukiita mkutano wa hadhara kwa watu wote hao, watasikika wenye vipaza sauti tu. Kwa hiyo walijigawa: kaya kumi zikawa kiini kimoja chenye mwakilishi wake, viini vikaungana, vikundi vikaungana tena, hadi maoni ya mama wa mlango wa mwisho yakaweza kumfikia mpimaji. Watu wa Bukavu wanafahamu nyumba kumi; wameifahamu zaidi kama macho ya usalama, chombo cha kujua mgeni amelala kwa nani. Mukuru walikigeuza chombo kama hicho kikapandisha maoni kutoka chini.

Barabara zilijengwa, mabomba ya maji taka yakalazwa, hospitali zikafunguliwa. Na bado, mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, yakabomoa nyumba za maelfu ya watu. Nalisema hili bila kuzunguka, kwa sababu msomaji wa Sange au Kadutu ana haki ya kujua kwamba hata mpango uliotangazwa na kaunti haukuwa ngao kamili. Serikali si mtu mmoja. Ofisi moja inatia sahihi, ofisi nyingine inaleta tingatinga. Hata hivyo, mtu ambaye jina lake na ukubwa wa nyumba yake vimeandikwa kwenye daftari la kijiji ana kitu cha kushika anapodai, na asiye na daftari anabaki na kilio tu.

Kwetu jambo hili la daftari lina uzito zaidi. Kwa miaka mingi burgumestre na meya wameteuliwa kutoka juu, wakaondolewa kutoka juu. Desemba 2023 ndipo wakazi wa komini za miji mikuu ya mikoa, Bukavu ikiwemo, walipopiga kura kuchagua madiwani wa komini. Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 wakaingia Bukavu na kuweka viongozi wao. Anayeketi ofisini leo huenda asiwepo mwakani, na ahadi aliyoitoa huondoka naye. Kumbukumbu za ofisi huungua, huporwa, hutupwa nje zikanyeshewa mvua. Katika nchi ya namna hii, daftari linalokaa kwa mama wa avenyi, lenye nakala kanisani na nyingine kwa mwalimu wa shule, ndilo huenda likadumu kuliko muhuri wowote. Kila mkubwa mpya akija, wanalifungua tena na kuanza naye pale walipoishia na mwenzake.

Lakini daftari linaweza pia kumdhuru aliyeandikwa ndani yake. Orodha ya nani anaishi wapi, wa kabila gani, ametoka lini, ikiangukia mikono mibaya, imewahi kuua katika ukanda wetu, na wazee wanakumbuka. Kwa hiyo wanaojihesabu waamue mapema nini kisiandikwe. Mfereji hauhitaji kujua kabila la mtu wala alikuja Bukavu mwaka gani akikimbia nini. Unahitaji kujua bati lake linamwaga maji upande gani.

Kwa kazi ya mifereji, jirani wa kuigwa ni Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam. Ulikuwa mtaa uliojijenga wenyewe kwenye ardhi ya chini, mvua ikinyesha watu wanahama na magodoro kichwani. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakazi walichimba na kujenga mitaro na barabara zao. Namna walivyoifanya ndiyo muhimu: chama cha maendeleo cha mtaa kiliingia mkataba wa kazi, kikaajiri watu wa mtaa huohuo, wanawake wakiwemo, na malipo yakaingia mifukoni mwao badala ya kumwendea mkandarasi wa mbali. Hapa Kongo tuna salongo, na salongo ina heshima yake, ila ni kazi ya bure inayoamriwa, na mtaro uliochimbwa kwa amri hujaa taka kabla ya msimu kuisha. Aliyelipwa kujenga mtaro kwa ujuzi anajua ulivyopangwa, na ukiziba anajua pa kuanzia.

Mafuriko yalipopungua Hanna Nassif, kodi za nyumba zilipanda. Mtaa ulikuwa umekuwa mzuri, wenye fedha wakautaka, na baadhi ya wapangaji waliochimba mitaro ile hawakuweza tena kuishi kando yake. Kwa hiyo avenyi ya Funu itakayokaa kuhesabu mabati yake iandike pia, kwenye ukurasa uleule, kila chumba kinalipiwa kiasi gani kwa mwezi, na wenye nyumba waseme mbele ya wapangaji wao kodi hiyo itakaa bila kupandishwa kwa miaka mingapi baada ya mfereji kukamilika. Wakiyatia sahihi hayo, ndipo waende kwa shefu wa kartie.